Mama Alisema Tambu

Maprik,
9 Machi 2003

Kwa mpwa wangu Ludwina,

Mjomba wako bado yupo, bado ana meno ya kutafunia popoo, na bado anasubiri jibu la barua yake ya Krismasi. Najua Moresby kuna kazi nyingi. Lakini hata majaji hupata muda wa kununua stempu, sembuse mpiga chapa wao.

Huku hatujambo. Mvua imenyesha mpaka imetuchosha. Viazi vikuu vimekubali mwaka huu. Kile kirefu cha ndugu yetu Paskalis kilibebwa kwenye machela kama mgonjwa, naye amejisifu mpaka tumekoma. Mkaza mjomba wako Agata anakusalimu sana. Anauliza kama umepata mchumba au bado unachagua kama mnunuzi wa papai, unabonyeza tu na kurudisha. Bado ananiletea chakula kazini kila mchana, viazi vya jana na maneno ya leo. Tambu wangu Otto, kaka yake Agata, amehamia kwangu. Vanila yake yote imeoza mizizi, hakuvuna kitu, na sasa anakula chakula changu huku akiilaani mvua. Nami nitasema nini? Tambu hafukuzwi.

Kazini nipo palepale, kwenye mizani ya kupimia vanila ya wakulima, na bado mimi ndiye mdomo wa bosi wetu mpya, Bwana Darryl. Ametoka Queensland, na Tok Pisin yake inaishia kwenye salamu ya asubuhi. Wakulima wakimtukana kwa ajili ya bei, mimi namfasiria kwamba wanamshukuru. Anatabasamu, wao wanaona amekubali kosa, na kila mtu anarudi kwake ameridhika.

Sasa nina swali, wewe unayeshinda mahakamani. Kasha moja la vanila kavu, ile ndefu nyeusi inayong'aa mafuta, limetoweka kwenye banda la kukaushia. Bosi anamshuku mwanamke mmoja wa meza ya kuchambulia. Hakuna aliyemwona akichukua. Mlinzi alimwona mlangoni, basi, na mengine ni dalili tu, hiki na kile. Je, mtu anaweza kufungwa kwa dalili? Kipi kina uzito zaidi mbele ya jaji, jicho lililoona au dalili zilizobaki? Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Uwe mzima, na ujibu safari hii.

Mjomba wako,
Ignas

Port Moresby,
4 Aprili 2003

Mjomba wangu mpendwa,

Nisamehe kwa Krismasi. Nilinunua stempu, nikaibandika kwenye barua ya kuombea nyumba ya serikali, na nyumba yenyewe sijapata. Bado nakaa Gerehu kwa binamu Tekla, maji yanatoka yanapotaka. Nasonga mbele. Mwambie mkaza mjomba Agata kwamba papai la Moresby ni ghali na kwa ndani limeoza.

Swali lako nimelipenda. Mimi si wakili, napiga chapa tu yale wanayosema, lakini masikio ninayo. Ushahidi wa moja kwa moja ni mtu kusimama na kusema, "Nilimwona nguruwe wa Paskalis akila viazi vyangu." Ushahidi wa mazingira ni ua uliovunjika, nyayo zinazoingia na kutoka, na nguruwe wa Paskalis amelala kivulini ameshiba, ana udongo puani. Hakuna aliyemwona. Lakini ungeniuliza mimi, ningemdai Paskalis.

Watu hudhani jicho ndilo lenye nguvu siku zote. Sivyo. Mwezi uliopita shahidi mmoja aliapa kwamba alimwona karani wa duka fulani akitoka na katoni ya samaki wa kopo, akamtambua kwa fulana yake ya njano. Wakili akamwomba ageuke aangalie watu waliokaa ukumbini. Mjomba, fulana kama ile zilikuwa zimejaa mle ndani, za kampeni za uchaguzi wa mwaka jana, zilizogawiwa bure. Hata polisi wa mlangoni aliivaa chini ya sare. Nilicheka mpaka jaji akaniangalia. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, mtu anaweza kufungwa kwa dalili, lakini dalili hizo lazima zimzunguke yeye peke yake, pande zote, pasibaki upenyo wa mtu mwingine kupita.

Sasa na mimi niulize. Mjomba, mwanamke huyo ni mama?

Nisikilize nilivyofika hapo. Ungekuwa unamsema mwanamke mwingine yeyote wa meza ile, ungemtaja jina na kumcheka kwanza. Kila barua uliyowahi kuniandikia tangu nikiwa shule ya masista inaisha na maneno yale yale, "Mama yako anakusalimu." Hii haikuwa nayo. Umenieleza kiazi cha Paskalis, umenieleza mizizi ya Otto, na mama hukumgusa kabisa, na wewe ndiye unayemsomea barua zangu na kumwandikia majibu. Hakuna aliyeniambia kitu. Ni dalili tu. Niambie kama nimekosea, nitafurahi sana kukosea.

Mpwa wako,
Ludwina

Maprik,
27 Aprili 2003

Ludwina,

Hukukosea. Naona mahakama imekuharibu, huwezi tena kusoma barua kama mtu wa kawaida.

Sote wazima. Pasaka ilipita vizuri, padri alihubiri dhidi ya tamaa ya vanila huku amesimama mbele ya altare iliyopakwa rangi kwa fedha za vanila. Nguruwe wa mama yako amezaa.

Nilikuficha kwa sababu uko mbali, na mtu wa mbali akipata habari mbaya hana la kufanya zaidi ya kukosa usingizi. Haya, nikunyooshee maelezo. Kasha lilitoweka mchana, wakati wa chakula, wafanyakazi wakiwa wamekwenda sokoni na mimi nikila pale kwenye mizani. Kesho yake bosi akatuita ofisini, mimi nikiwa mfasiri. Akaanza na Yakop, mlinzi, mama yako amesimama pembeni.

"Ulimwona Kresensia?"

"Nilimwona, bosi, kwa macho yangu haya mawili."

"Wapi?"

"Mlangoni kwa banda. Alichungulia ndani, mara akageuka, akafunika uso kwa mkono, akaondoka haraka haraka."

"Alibeba nini?"

"Bilum yake."

"Ilikuwa imejaa?"

Yakop akakuna kichwa. "Bosi, mfuko wa mama wa Sepik uliwahi kuwa mtupu lini?"

Bosi akauchukua ule mfuko, akaunusa. Ulinukia vanila. Nilitaka nimwambie anuse na suruali yangu, anuse na mbwa wa Yakop, maana hapa hata sagu tunayokula inanukia vanila. Sikusema. Kisha akamgeukia mama yako.

"Ulirudi bandani kufanya nini?"

"Nilisahau mwavuli."

"Mlikuwa na mtu mle ndani?"

"Alikuwepo."

"Nani?"

Mama yako akatazama chini. Halafu akanitazama mimi, si bosi, akasema neno moja.

"Tambu."

Nikamfasiria bosi: anasema ni mwiko. Bosi akapiga meza. "Mwiko gani tena? Muulize mara ya pili!" Nikamuuliza. Akajibu vile vile, "Tambu," na baada ya hapo hakufungua mdomo. Bosi akasema mtu anayekataa kumtaja mwenziwe hana mwenziwe wa kumtaja. Amemsimamisha kazi. Mwenye kampuni anakuja mwisho wa Julai. Kama vanila haijaonekana, mama yako atakabidhiwa kwa polisi na kesi itakwenda Wewak.

Watu wameanza kumkwepa sokoni. Karanga zake zinalala. Yeye hasemi kitu, anapalilia tu. Hivyo ndivyo ilivyo, na usiniulize tena kwa ukali kama wakili, mimi ni mjomba wako.

Ignas

Port Moresby,
15 Mei 2003

Mjomba,

Nimefurahi kwa nguruwe. Tekla anakusalimu. Mimi mzima wa mwili, lakini chakula hakishuki.

Nimeisoma barua yako mpaka nimeikariri, nikafanya kama wanavyofanya hapa, nikaweka kila kitu peke yake. Yakop ana ushahidi wa moja kwa moja, sawa, lakini wa nini? Wa mama kuwa mlangoni. Basi. Hakumwona na kasha, wala kasha haliingii kwenye bilum bila mfuko kuvimba kama mwenye mimba, na Yakop angeliona hilo hata kwa jicho moja. Harufu tuitupe, umeifuta wewe mwenyewe. Mwavuli unamsaidia. Je, uliokotwa bandani? Nani alikwenda kuangalia?

Kinachomuua mama ni viwili. Kufunika uso na kuondoka haraka, na kunyamaza. Mtu akikimbia, mahakama huuliza alikimbia nini. Mtu akinyamaza, huuliza anaficha nini. Lakini mama nimjuaye hakimbii ovyo. Alimfukuza nyoka jikoni kwa mwiko wa kupikia. Aliona nini mle ndani hata akafunika uso?

Kwa hiyo anamjua mwizi. Yeye ndiye shahidi wa jicho, Mjomba! Tuna ushahidi wa moja kwa moja umekaa shambani unapalilia, na hatuna hata neno lake moja. Namwonea uchungu na wakati huohuo nimemkasirikia. Anamkinga nani kwa gharama ya jela? Kama hawezi kutamka jina, basi aonyeshe kwa kidole, achore chini, afanye lolote.

Nakuomba mambo matatu. Msomee mama barua hii yote, usiruke mahali. Andika majibu yake kama alivyosema. Na umuulize Yakop swali ambalo bosi hakuuliza: mbali na mama, ni nani mwingine aliyeingia uani mchana ule?

Wewe ulinilipia shule kwa mgongo wako, ukibeba magunia ya kahawa ya watu wengine baba alipofariki. Sikuandikii kama wakili. Nakuandikia kwa sababu mama hana mdomo mwingine huko ila wako.

Ludwina

Maprik,
10 Juni 2003

Mpwa wangu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, mahali pengine wino umetawanyika. Sote wazima. Agata amekwenda kwao kwa muda, mama yake anaumwa mguu. Nimeezeka upya upande wa jikoni kwa mabati, sasa mvua ikinyesha hatusikilizani, jambo ambalo kwa watu wa ndoa si baya.

Kuna kioja kimoja cha kukuchekesha. Otto amenunua pikapu. Nyekundu, ya mkono wa pili, haina kioo cha upande. Hajui kuirudisha nyuma, kwa hiyo akifika mwisho wa barabara anaomba vijana waigeuze kwa kuisukuma. Anapita hapa akipiga honi kama harusi.

Mama yako hajambo. Bado kimya. Sijapata nafasi nzuri ya kumsomea, kuna kazi nyingi mezani sasa kwa kuwa mikono imepungua. Yakop naye amekwenda likizo.

Usikonde kwa mambo ya huku. Kula.

Ignas

Port Moresby,
29 Juni 2003

Mjomba,

Nitasalimia kwanza, maana ndivyo ulivyonilea. Natumaini u mzima. Natumaini bati halivuji. Natumaini mkaza mjomba Agata yu mzima huko kwao, na mguu wa mama yake umepona.

Sista Imelda amekuja Moresby kwa mkutano wa shirika lao. Alinitafuta mpaka kazini, akanikabidhi bilum mpya aliyoisuka mama, na ujumbe wa mdomo. Mama alimfanya aukariri kama sala, na Sista akanitamkia hivi, amefumba macho: "Mwambie mwanangu mimi nilisema. Niliulizwa mara moja nikajibu, nikaulizwa mara ya pili nikajibu. Amuulize kaka yangu kwa nini hakuna aliyekwenda kumuuliza yule niliyemsema."

Nilikaa pale ngazini na ule mfuko mapajani. Sista alidhani nimeugua. Nilisema, "Sista, hebu rudia." Akarudia. Nilikuwa nimemkasirikia mama kwa wiki nyingi kwa kunyamaza, kumbe hakunyamaza hata kidogo.

Mjomba, ni wewe uliyenifundisha lile neno nikiwa mdogo, siku nilipoona kamba imefungwa kwenye mnazi wa watu na nikaambiwa tambu, usiguse. Nikakuuliza, mbona na bibi mgeni aliyeolewa na Paskalis mnamwita tambu? Ulicheka sana. Ukaniambia neno ni moja lakini linaingia nyumba mbili. Kuna tambu wa kamba, huo ndio mwiko. Na kuna tambu wa ndoa, yaani wifi, shemeji, mkwe, kila aliyekuja kwetu kwa kuoa au kuolewa. Jina lake unaweza kuliandika, lakini kwa mdomo hulitamki, kwa hiyo unamwita hivyo tu na kila mtu anaelewa.

Mama aliulizwa, "Nani alikuwa mle ndani?" Hakusema ni mwiko kusema. Alisema ni nani. Alisema ni wifi yake. Alilisema kwa njia pekee ambayo mdomo wake unaweza kulisema, akakutazama wewe ulipeleke, na wewe uliye mfasiri ukachagua ile nyumba ya kamba.

Nimejaribu kukutetea, Mjomba. Nimejaribu sana. Nikajiambia huenda ulisikia vibaya kwa haraka. Kisha nikarudia barua zako. Matambu wa mama upande wa baba wote wako Vanimo. Hapo Maprik anaye mmoja tu anayepita lango la kazi yenu bila mlinzi kumsimamisha, anayekuletea chakula kila mchana. Uliniandikia kwamba siku ile ulikuwa unakula pale kwenye mizani. Ulikula chakula kilicholetwa na nani? Otto hakuvuna hata vanila moja, halafu anapita na pikapu akipiga honi. Mkaza mjomba aliyekuwa akinisalimia na kunitania kuhusu papai, kwa ghafla yuko kwao. Yakop yuko likizo siku zile zile ninapotaka aulizwe. Na barua yangu hujamsomea mama. Hakuna aliyeona, ni dalili tu, lakini nimeizunguka pande zote nikitafuta upenyo wa mtu mwingine, na sikuupata.

Na mama alifunika uso kwa sababu tambu akiwa katika aibu humwangalii. Hilo mahakamani Wewak wangeliita kukimbia.

Nina anwani ya bosi wako hapa. Ninaweza kupiga chapa barua nzuri ya Kiingereza yenye mihuri. Sitaipiga. Sitaandika kwa polisi pia. Naandika kwako, kwa sababu lile neno lilipewa wewe.

Julai inaingia, Mjomba.

Ludwina

Maprik,
20 Julai 2003

Ludwina, mpwa wangu,

Barua yako niliibeba mfukoni wiki nzima. Nilipima nayo vanila, nilikula nayo, nilikwenda nayo kanisani. Nilikasirika kwanza. Nikasema, tazama binti niliyemsomesha anavyonigeukia. Halafu nikaona kwamba nilikuwa nakasirika kama bosi alivyokasirika pale mezani, kwa sababu tu jibu halikuwa lile nililolitaka.

Jumatatu niliingia ofisini.

"Bosi," nikamwambia, "siku ile nilikufasiria vibaya."

"Siku ipi?"

"Ya Kresensia. Neno lile lina maana mbili. Nilikupa ile isiyoniuma."

Akavua miwani. "Na nyingine ni ipi?"

"Mtu wa familia kwa ndoa. Ulimuuliza nani alikuwa mle ndani. Alikujibu kwamba ni mke wa kaka yake."

"Kaka yake ni nani?"

"Ni mimi, bosi."

Unajua alichouliza? Hakuniuliza vanila iko wapi. Aliuliza, "Kwa hiyo alinijibu mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza, bosi."

"Nami nikapiga meza."

"Ulipiga meza, bosi."

Nilimfuata Agata kwao. Hakubisha. Alikuwa amekonda, ameketi amegeuzia mlango mgongo. Otto ndiye aliyekuwa akimsumbua kila siku: "Dada gani wewe, unaishi juu ya vanila na mimi nakufa njaa?" Nilijua tangu siku ile ya kwanza, Ludwina. Alipotoka na bakuli tupu mchana ule, kikapu chake kilikuwa kizito, na mimi nikaendelea kutafuna. Ofisini dada yangu aliponitazama, nilikuwa nimekwisha jua atakachosema. Nilitumaini hatasema. Aliposema, neno lenyewe likanifungulia mlango wa kutorokea, nikapita. Sikupanga. Lakini mara ya pili nilipomuuliza, nilikuwa nimepanga.

Unaniuliza kwa nini basi nilikuandikia. Hata mimi nimejiuliza. Ningeweza kukuandikia kwamba alisema ni mwiko, nikaishia hapo. Lakini lile neno nililiweka kwenye barua kama lilivyotoka mdomoni mwake, bila kulifasiri. Nadhani nilitaka mtu aliokote, na nilikuwa naogopa kuinama mwenyewe.

Pikapu imeegeshwa uani kwa kampuni. Iliingia kwa kusukumwa, kama kawaida yake. Sehemu ya vanila Otto alikuwa hajaiuza, imerudi. Agata amerudi nyumbani, na atasimama mbele ya hakimu Wewak mwezi ujao, nami nitakuwa naye, na safari hii atafasiriwa na mtu mwingine. Mimi sina kazi tena. Mizani amepewa Yakop, ambaye amerudi kutoka likizo ambayo hakuiomba. Bosi alikwenda mwenyewe hadi shambani kwa mama yako kumrudisha kazini. Alisimama kwenye matope akasema kwa Tok Pisin maneno ambayo bila shaka alifundishwa njiani, maana alimwita "baba." Mama yako alimjibu kwamba atafikiri akimaliza kupalilia.

Jana mama yako alikuja kwangu. Alikuwa na sufuria ya sagu na mboga. Aliiweka kizingitini, akageuza uso upande wa barabara ili asimwone Agata ndani, akaniambia, "Mwambie tambu wangu ale, amekonda." Nikageuka nikamwambia Agata, neno kwa neno. Agata akalia kwa sauti. Sisi wawili tukakaa nje, mimi na dada yangu, nikamsomea barua zako zote, sikuruka mahali. Pale uliposema umemkasirikia kwa kunyamaza, alicheka, akasema umechukua hasira ya baba yako. Pale pa nguruwe aliye na udongo puani alitaka nirudie.

Nilipomaliza nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akafikiri. Nikamwambia aseme tu, nitaandika kama litakavyotoka, sitaongeza, sitapunguza, sitachagua.

Mama yako anakusalimu.

Ignas